Zamu ya Nekesa

Mama Swabra alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa nafua. Akanisalimu kwa salamu zake ndefu za Mumias, akaulizia nyumba, kuku na goti langu, halafu akanyamaza. Nikajua kuna jambo, maana Mama Swabra hanyamazi bure. Akasema Madam Rispa anastaafu, na kina mama wa zamani, wale wa Jumatano, tumealikwa sote pamoja na watoto wetu. Kutakuwa na chakula. Tena Madam mwenyewe ametaja jina langu, anaomba nije niongoze ule wimbo wa chupa, kwa sababu tangu niondoke hakuna aliyeuweza. Nilimwuliza kama ana hakika ni jina langu lililotajwa. Akasema ana hakika. Nikakamua shuka iliyokuwa mkononi mpaka vidole vikaniuma, kisha nikamwambia nitakuja. Akaniambia taratibu kwamba ni miaka ishirini sasa, nisiende huko na moto. Nikajibu kwamba sina moto wowote, nina njaa tu, nitaenda kula. Hiyo haikuwa kweli, naye alijua. Mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi kovu langu nimelitunza vizuri sana.

Nataka kuandika juu ya mwaka mmoja tu. Habari za nilikotoka, nani alinizaa na nani alinioa, ziwe na watu wengine wa kuzisimulia. Baba yake Nekesa, mwanangu, hakuingia katika chumba kile cha Jumatano hata siku moja, basi humu pia hataingia. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, Nekesa mitano, na tulikuwa tumepanga chumba kimoja Shirere, hapo Kakamega mjini. Nekesa hakuwa akisema. Alikuwa akivuma kooni, sauti moja ndefu, asubuhi mpaka usingizi umchukue, na alipenda kupanga vifuniko vya soda kandokando ya ukuta, vyote vikiangalia juu. Ukimsogezea kimoja, alilia mpaka jirani akagonga ukuta. Majirani walikuwa na maelezo yao. Mmoja alisema nilikula kitu nisichopaswa kula nikiwa mjamzito, mwingine alisema kuna mzee wa ukoo ambaye hakupewa jina na sasa anadai. Mhubiri mmoja alitaka kumwekea mikono kichwani, Nekesa akamuuma kidole gumba. Katika zahanati niliambiwa ningoje, ataongea tu, watoto wengine huchelewa. Nilingoja miaka miwili kabla mwanamke mmoja sokoni, muuza omena, hajaniambia kuna chumba nyuma ya kanisa fulani ambako Jumatano wanakaa na watoto wa aina hiyo. Alisema hivyo, watoto wa aina hiyo, lakini alisema kwa upole, na alinichorea njia kwa kidole juu ya gunia.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo. Upande mmoja kulikuwa na viti vya matanga vilivyopangwa hadi dari, upande wa pili meza kubwa, na chini ya meza ngoma za isukuti za kwaya zilizofunikwa shuka kuukuu. Madirisha yalipakwa rangi ya buluu nusu ili watoto wasivutwe na mambo ya nje. Mkeka mkubwa sakafuni, na ukuta wa mbao nyembamba ukitenga jiko ambapo tulipikia uji. Madam Rispa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa amesomea watoto wenye mahitaji maalumu. Mwanamke mrefu, nywele fupi, miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, na sauti isiyopanda wala kushuka. Kwake ndiko nilikolisikia neno usonji kwa mara ya kwanza. Alinieleza akiwa ameketi chini mkekani, magoti yamekunjwa, akimtazama Nekesa na si mimi, kwamba mtoto huyu hajalogwa wala si mjinga, kichwa chake kinapokea dunia kwa njia nyingine, na sisi ndio wa kujifunza njia hiyo. Nililia pale pale. Hakunibembeleza. Alinipa kikombe cha uji na kuniambia Jumatano tunaanza saa tatu, tusichelewe.

Alikuwa na sheria zake. Watoto sita na mama zao sita, basi. Alisema ukizidisha hapo hicho si kikundi tena, ni soko. Kila mtoto alikuwa na picha zake zilizochorwa kwenye vipande vya katoni: kikombe, kiatu, choo, mlango. Ukitaka kitu unampa mtu picha. Lakini sheria kubwa kuliko zote aliiita mpe kumi. Ukimwambia mtoto jambo, au ukimnyooshea kitu, unafunga mdomo na kuhesabu moyoni moja hadi kumi kabla ya kurudia. Watoto wetu, alisema, husikia vizuri, ila jibu lao lina safari ndefu, na sisi tunaosema tena na tena tunalirudisha njiani. Sijui kama umewahi kuona wanawake sita wa Kiluhya wakinyamaza mpaka kumi. Wiki za kwanza hakuna aliyepita nne. Mama Swabra alikuwa akijiziba mdomo kwa buibui lake na bado unamsikia. Lakini tulijifunza. Hata nyumbani nilianza kumpa Nekesa kumi, na siku moja, kwenye nane hivi, aliniletea kiatu nilichomwomba.

Baada ya kipindi cha watoto tulikula. Kila Jumatano mama mmoja alileta chakula: mushenye wa viazi vitamu na maharagwe, mihogo ya kuchemsha, siku nyingine mandazi ambayo Mama Swabra alikuwa ameyapika alfajiri kabla ya kupanda gari kutoka Mumias. Watoto walilala mkekani au walizunguka na vitu vyao, na sisi tuliongea. Ya mama wakwe, ya waume waliohamia Nairobi na kusahau namba zao za simu, ya shangazi aliyependekeza mtoto afungwe kamba wageni wakija. Tulicheka mambo ambayo kwingine yangetufanya tulie. Nilikuwa sijacheka kwa miaka miwili. Naliandika hili ili mtu asije akasema nimemkosea Madam Rispa haki yake. Alinipa chumba kile na kicheko kile, na kama asingenipa, lile alilonifanyia baadaye ningelisahau kama nilivyosahau ya wengine wengi.

Kipindi kilianza kwa wimbo wa chupa. Tulikaa duara mkekani, na Madam alishika chupa ya plastiki ya sharubati iliyotiwa punje za mahindi. Wimbo ulikuwa mfupi: nani amekuja, Swabra amekuja, shika Swabra, tikisa, turudishie. Mtoto akisikia jina lake ananyoosha mkono, anapewa chupa, anatikisa, anarudisha, na wimbo unaenda kwa anayefuata. Sauti yangu ilikuwa nzuri siku hizo, basi Madam akaniachia kuanzisha wimbo, yeye akawa wa kutaja majina. Mtu wa nje angeona mchezo tu. Kumbe mle ndani kulikuwa na kazi zote: kusikia jina lako, kujua ni wewe, kungoja, kuomba, kupokea, kuachilia. Madam alisema mtoto akiumaliza wimbo ule ameshaingia kwa watu. Na mimi mwaka ule sikutaka kitu kingine duniani. Sikuomba Nekesa aseme wala aende shule. Niliomba anyooshe mkono.

Hakunyoosha. Chupa ikianza tu, alifunga masikio na kutambaa hadi chini ya meza, katikati ya zile ngoma, akakaa uso ukutani. Januari ikaisha hivyo, Aprili ikaisha, Julai ikaisha. Lakini jina lake liliimbwa kila Jumatano. Madam alinyoosha chupa kuelekea mezani, akafumba macho, akahesabu kumi zake kimya, zote, bila kupunguza hata moja, ndipo akasema sawa Nekesa, tutakuona Jumatano. Wenzangu walingoja pamoja naye. Sijawahi kuheshimiwa na watu kama nilivyoheshimiwa katika zile kumi.

Mwezi wa Septemba nilikuwa nyumbani napepeta wimbi la uji, Nekesa akaacha vifuniko vyake akaja. Akatia mkono kwenye ungo, akachota, akamwaga polepole, akainamisha sikio. Akarudia. Alirudia mpaka uji wa siku ile ukawa ndoto. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akiikataa chupa. Alikuwa akiyakataa mahindi, namna yanavyogonga plastiki. Nikatafuta chupa nyingine ya sharubati, nikaiosha, nikatia wimbi nusu, nikafunga kifuniko kwa uzi na gundi, na Jumatano nikampa Madam Rispa. Alijitikisia sikioni, akatabasamu. Akaniambia, "Mama Nekesa, leo wewe ndiye mwalimu." Nilitembea na maneno yale mwezi mzima. Chupa ya mahindi ikawekwa kando, ikatumika yangu. Jumatano ya kwanza Nekesa alitoka chini ya meza. Ya pili alikaa ukingoni mwa mkeka. Ya tatu akapiga magoti kati yangu na Mama Swabra, mikono imefungwa kifuani, akaitazama chupa ikizunguka duara zima. Madam alihesabu kumi, na kwenye tisa niliona kidole kimoja cha Nekesa kikicheza.

Jumatano iliyofuata walikuja wageni. Walikuwa watu wa shirika fulani la mbali waliotaka kuona kazi ya Madam, na ikiwapendeza wangemjengea mahali pake mwenyewe, penye ua na choo cha watoto. Wiki nzima hakuzungumza kingine. Alifua mapazia, akaazima vitambaa vya meza, akatuomba tuje tumevaa vizuri. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu ya jiko, nikafika mapema, nikamketisha Nekesa karibu yangu na vifuniko vyake, nikaanza kukoroga uji. Nyuma ya ule ukuta wa mbao Madam alikuwa akipanga viti na mke wa mchungaji, na mbao zile hazikuzuia hata pumzi. Nilimsikia mke wa mchungaji akiuliza kama watoto wote watakaa duara. Madam akajibu kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka.

"Wote. Ila huyu wa Mama Nekesa tutampita. Akipiga nduru, hawa watu watafunga vitabu waende."

"Na mamake je?"

"Mamake ataelewa. Na mtoto mwenyewe hashikangi chupa."

Nilikuwa na mwiko mkononi. Hapa ndipo kila nikikumbuka najitafuna. Nilipaswa kuutua ule mwiko, nizunguke ukuta, niseme kile kidole nilikiona. Sikusema. Nilikoroga uji usifanye madonge. Nikajiambia maneno yake yale yale, kwamba hata hivyo hashikangi chupa, akipitwa leo atakuwa amekosa nini, na mahali penye ua hata yeye atacheza. Nilimwelewa Madam kabla hajaniomba nimwelewe. Nikamshika Nekesa mkono tukaenda kukaa duara, nikaanzisha wimbo kwa sauti yangu nzuri.

Wageni walikuwa watatu, wameketi kwenye viti vya matanga, mmoja ana kamera. Swabra alipewa chupa, akaitikisa mara mbili, akairudisha, wageni wakapiga makofi ya kidole kwa kidole kama walivyoelekezwa. Aliyefuata kwa kukaa kwetu alikuwa Nekesa. Alikuwa amepiga magoti. Wala jina lake halikuwa limetajwa bado. Alinyoosha mkono wa kulia, kiganja juu, vidole vimeachana kidogo. Hakuna aliyemwambia. Niliacha kuimba. Madam Rispa aliuona. Nitasema hivi mbele ya hakimu yeyote, hapa au ahera: aliuona. Macho yake yalishuka kwenye kile kiganja, yakakaa pale kidogo, yakapanda kwa wageni, na mdomo wake ukaimba jina la mtoto wa upande wa pili. Chupa ikapita juu ya mkono wa mwanangu. Nami moyoni, bila kupenda, nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Mkono ulikuwa bado juu. Sita, saba. Nekesa alimpa Madam kumi, kamili, kama alivyofundishwa. Baada ya kumi aliushusha mkono, akautazama, akageuka, akatambaa hadi chini ya meza, uso ukutani. Hakupiga nduru. Laiti angepiga. Nilitaka kusimama, Mama Swabra akanikamata leso, akaninong'oneza si sasa. Nikakaa. Na wimbo ulipokwisha nikaenda jikoni, nikawamiminia wageni uji, nikawapelekea kwa mikono yangu miwili, wakasema ni mtamu sana.

Walipoondoka nilimkuta Madam akisuuza vikombe. Nikamwambia Nekesa alinyoosha mkono. Akasema aliona. Akafuta kikombe, akakiweka, akachukua kingine, akasema alikuwa ameshaanza jina la mwenzake, wimbo hauwezi kurudi nyuma, Jumatano ijayo tutampa. Haikuwa kweli kwamba alikuwa ameanza. Angesema aliogopa ningeweza kumwelewa hata mara ya pili, kwa sababu woga niliujua, nami nilikuwa nao jikoni asubuhi ile. Lakini alinitazama usoni akanidanganya, kikombe mkononi. Nikamwambia Jumatano ijayo hatuji. Akasema nina hasira, nitatulia. Nikambeba Nekesa, mkubwa hivyo, mpaka Shirere kwa miguu, na vifuniko vyake tuliviacha.

Mkono haukunyooshwa tena mwaka ule, wala mwaka uliofuata karibu wote. Nilitengeneza chupa nyingine, ya wimbi vile vile, akaipita kama jiwe. Nikimpa mkate hakuupokea, ilibidi niuweke sakafuni nisogee, ndipo auokote. Kikombe vile vile. Nguo vile vile. Mtu ambaye hajaishi hivyo hajui ni kitu gani kumwekea mtoto wako chakula sakafuni. Kila nilipoinama nilimtaja Madam Rispa kwa jina. Nilimsema sokoni kwa kila aliyenisikiliza, na muuza omena alinisikiliza sana. Nilinunua faranga mmoja wa kienyeji, nikampa jina Rispa, nikamlisha hadi akanona, na Krismasi nikamchinja mwenyewe, nikamla na obusuma, ugali wetu, hadi mifupa. Sikuona nafuu niliyotegemea, ingawa mchuzi ulikuwa mzuri. Mahali penye ua palijengwa. Nilikuwa nikipita barabarani nikiona kibao chake na maua yake, najua ukuta ule umesimama juu ya kiganja cha nani. Mkono wa Nekesa ulirudi asubuhi moja ya mvua, akaunyoosha kuomba muhogo, na sikumpa kumi wala mbili, nilimpa sufuria nzima.

Basi tulienda kwenye kumstaafisha Madam Rispa, mimi na Nekesa. Ana miaka ishirini na mitano sasa, amenipita kwa urefu, anasema maneno yake machache anayoyahitaji, na hupepeta nafaka za nyumba nne za jirani kwa sababu hakuna anayepepeta kwa uvumilivu kama yeye. Nilimvalisha gauni lake la manjano na vile vizibo vya masikio anavyovipenda. Ukumbi ulikuwa mweupe, umepambwa, picha ya Madam ukutani kubwa kuliko dirisha. Nekesa alitafuta ukuta wake karibu na mlango, akatoa vifuniko mfukoni, akaanza kupanga. Madam alikuja kunisalimu. Amezeeka, miwani bado inaning'inia kwa kamba. Alinishika mikono yote miwili, akasema nimefurahi umekuja Mama Nekesa, nikajibu nimekuja. Tulipokaa kula, ingokho, kuku wa kwetu, ilikuwa tele, na walimwekea Madam imondo, ile firigisi ambayo kwetu huwekewa baba wa nyumba au mgeni wa heshima peke yake. Nilimtazama akiitafuna polepole, na ndani yangu moto ukawaka bila moshi. Kina mama vijana walisimama mmoja mmoja wakashukuru. Walisema kweli tupu. Watoto wao wanasoma, wanaongea, wanaomba vitu kwa picha. Sikupiga makofi.

Halafu mwenyekiti akatangaza wimbo wa chupa, kwamba wale wa mwanzo watakaa duara kama zamani, na Mama Nekesa ataongoza, ataimba na kutaja majina. Madam akamtuma mtu ofisini kwake, akarudi na chupa. Nilidhani ni mpya. Plastiki ilikuwa imegeuka rangi kama chai, lakini uzi wa kifunikoni niliufunga mimi, na wimbi la ndani ni la jikoni kwangu Shirere. Ameitunza miaka ishirini. Nikaipokea, na nikajua nitafanya nini. Nikaimba. Nani amekuja, Swabra amekuja. Swabra ni mwanamke mzima sasa, akaitikisa mara mbili kama siku zote. Nikawaimba wengine waliokuwepo, na yule aliyetangulia mbele ya haki tukamwimba pia, mamake akamtikisia. Jina la Nekesa sikuliimba, nilikuwa nimeapa halitaimbwa kwenye duara la Madam tena. Likabaki jina la Madam mwenyewe. Ukumbi wote ukawa unamngoja, naye akatabasamu, akanyoosha mkono wa kulia, kiganja juu.

Nikafunga mdomo. Nikaikumbatia chupa kifuani, nikaanza kuhesabu. Kwenye tatu watu walicheka, walidhani ni utani wetu wa zamani. Kwenye tano kicheko kikapungua. Kwenye saba kiti kilisikika kikilia mahali. Mama Swabra alinitazama, safari hii hakunishika leso. Madam alikuwa ananitazama machoni na hakuushusha mkono. Sitadanganya, ilikuwa tamu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na nilitaka auonje wote hadi mpini. Nilipofika kumi nilikuwa tayari kusema wimbo umekwisha. Ndipo yeye akasema, bila kuimba, kwa ile sauti yake:

"Nekesa."

Wengi walidhani uzee umemchanganya, ametaja jina lisilo lake. Mimi nilijua hajachanganyikiwa. Alijua siku ile yote, jina, mkono na hesabu, na ametembea nayo kama mimi nilivyotembea nayo. Nilitaka kumwambia amechelewa, neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nyuma yangu vifuniko viliacha kulia sakafuni. Nekesa alikuwa ameondoa kizibo cha sikio moja. Alikuja polepole katikati ya watu, gauni lake la manjano, akapiga magoti mahali pake pale pale, kati yangu na Mama Swabra, akanyoosha mkono. Kiganja juu, vidole vimeachana kidogo. Hakuunyoosha kwa Madam, aliunyoosha kwangu, kwa sababu chupa nilikuwa nayo mimi.

Nikampa. Niliachia kila nilichokuwa nimekikumbatia, nikampa mara moja. Aliinamisha chupa sikioni, wimbi likashuka taratibu upande mmoja, akaigeuza, likashuka upande wa pili. Ukumbi mzima ulikuwa unasikiliza nafaka. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Aligeuza tena, na tena, na Madam Rispa, mkono wake bado umenyooshwa, alikuwa analia pia, akingoja sasa arudishiwe ili zamu yake ifike. Mwenyekiti akasema kwa upole, Nekesa, mpe Madam. Nikamwambia mwenyekiti ampe kumi. Tukampa kumi. Zikapita. Tukampa nyingine. Nekesa akasimama, akatia chupa chini ya kwapa, akaokota vifuniko vyake kimoja kimoja, akasema, "Twende."

Tukaenda. Mlangoni niligeuka, Madam alikuwa ameushusha mkono na anautazama. Jumapili Mama Swabra alinipigia tena. Baada ya salamu na kuku na goti, akasema Madam anauliza kama tunaweza kumrudishia chupa, ni kumbukumbu yake ya pekee ya mwaka ule. Nilichungulia chumbani. Nekesa alikuwa amelala chali kitandani, chupa sikioni, akiigeuza. Nikamwambia Mama Swabra amsalimie sana Madam Rispa, amweleze sheria ni yake mwenyewe, mtoto haharakishwi. Zamu ya Nekesa haijaisha.